Levire gani? Jinsi mikate ya mvuke ya kuku ilivyomrudisha mke wangu mezani hapa Uvira

Wakuu, salamu kutoka Uvira, upande wa Kongo wa Ziwa Tanganyika.

Ninachoandika hapa ni kweli tupu. Mke wangu amekaa kando yangu na anasoma kila mstari, kwa hiyo hata nikitaka kutia chumvi sina nafasi hiyo.

Mimi ni fundi nguo. Kibanda changu kiko Mulongwe, karibu na mto, na nyumba yetu iko nyuma yake tu. Naishi na mke wangu Godeliva pamoja na mama yangu mzazi. Jikoni nilikuwa sijui hata kijiko kinakaa wapi. Nasema hivyo mapema ili mjue nimeanzia mbali.

Mama yangu ni mtu wa sambusa. Wazee wake walivuka ziwa zamani wakitokea Ujiji na biashara zao, wakabaki huku. Nadhani kitu cha kwanza kushuka kwenye ule mtumbwi kilikuwa karai la mafuta. Kila asubuhi anakaanga, na kila asubuhi watu wanapanga foleni.

Godeliva yeye ni Mkatoliki wa Bwegera, kule tambarare ya Ruzizi. Kwao ni wakulima wa mpunga. Tulivyooana ni habari ndefu, tuiache hapo ilipo.

Basi, Godeliva akashika mimba.

Ya kwanza ilitutoka ikiwa changa. Ndani ya nyumba hatukuizungumzia sana, lakini kila mmoja alikuwa nayo kichwani. Hii ya pili tuliipokea kwa furaha na hofu pamoja.

Haukupita muda, chakula kikamshinda.

Najua kuna watakaosema kichefuchefu cha mimba ni kawaida. Nawasikia wakuu. Cha huyu hakikuwa cha kawaida. Adui yake mkubwa alikuwa harufu ya mafuta ya moto. Mawese yakiguswa tu na jirani wa tatu, yeye amejua. Ugali hapana, samaki hapana, mchuzi usiseme. Alikuwa anaishi kwa maji ya ndimu na vipande vya mkate mkavu.

Sasa fikiria mtu huyo anaishi nyumba moja na karai la Mama.

Asubuhi sambusa zikianza kulia kwenye mafuta, Godeliva anatoka mbio amejifunga kitenge puani. Mama akawa anamwangalia tu. Siku moja akaniita pembeni.

"Uvira muzima wanakulaka sambusa zangu," akasema, sauti imeshuka. "Muntu mumoja tu njo anazikimbia, na iko ndani ya nyumba yangu."

"Mama, haiko sambusa yako. Iko ile mimba."

"Minye nilibeba mimba saba. Sikukimbiaka karai hata siku moja."

Nilirudi kwenye cherehani yangu.

Kilichoniamsha ni kliniki ya wajawazito. Mkunga alimpandisha Godeliva kwenye mizani, akaangalia, akamshusha, akampandisha tena. Halafu akasema kwa upole kabisa:

"Mama, uzito iko inashuka. Ukirudi na bado inashuka, tutakulaza tukuwekee serumu mu mushipa. Uko unanisikia?"

Njiani tulikuwa tumekaribia nyumbani. Godeliva akanishika mkono.

"Shabani, minye sitaki kulala mule tena."

Alimaanisha ile wodi tulikopoteza ya kwanza. Wakuu, niliogopa. Sijui niliseme vipi kwa namna ya kiume. Niliogopa tu.

Nikamuuliza: ukiwaza chakula chochote cha dunia nzima, kipi hakikuletei kutapika?

Akaniambia kwamba alipokuwa msichana, kuna Wachina waliokuja kutengeneza daraja upande wa kwao. Mpishi wao aliwahi kuwagawia watoto mikate myeupe, laini, iliyopikwa kwa mvuke, ndani ina kuku. Haikuwa na tone la mafuta.

"Ile ningekula," akasema. "Naona kama ningekula."

Mnajua mwanaume akisikia "ningekula" baada ya wiki za "siwezi" anakuwaje? Nilikuwa tayari kwenda kumtafuta yule mpishi hukohuko kwao.

Badala yake nikaingia humu humu jukwaani. Nikamkuta mwanachama mmoja wa Tanzania aliyeandika zamani namna ya kupika mikate ya mvuke ya kuku. Kama bado upo na unasoma, mkuu, asante sana. Kosa lililofuata halikuwa lako.

Aliandika: unga wa ngano, sukari kidogo, maji ya uvuguvugu, na hamira.

Hamira. Hapa kwetu ukienda dukani ukasema hamira utaangaliwa kama umetaja jina la shangazi yake mtu. Lakini nilielewa kwamba ni kile kitu cha kuumulia unga, na kitu hicho huku tunakiita levire, neno la Kifaransa. Nikaenda dukani nikasema nipe levire. Nikapewa levire.

Nikarudi natembea kama nimeshika dawa.

Nikakanda unga kwa mikono ya fundi nguo, yaani taratibu na kwa wasiwasi. Maelekezo yalisema funika, acha mpaka uumuke uwe mara mbili. Nikafunika. Ilikuwa adhuhuri. Watu wakaswali, wakarudi makazini, alasiri ikafika, nikafunua.

Unga ulikuwa umelala vilevile nilivyouacha.

Mtu mwenye akili angesimama hapo. Mimi nikajiambia labda mvuke ndio utamalizia kazi. Nikajaza kuku ndani, nikafunga, nikapika.

Ilivyotoka sasa! Mmoja uliniponyoka ukaanguka sakafuni. Haukulia "pu". Ulilia "ko".

Godeliva akaja kuangalia. Akauokota, akaugonga ukutani mara mbili, akaniambia:

"Shabani, hii tuhifadhi. Muto ikifurika tena, tutajenga nayo ukuta."

Akacheka. Wakuu, alicheka mpaka akakaa chini. Nilikuwa sijamsikia akicheka tangu mimba ishike. Nami nikacheka, lakini moyoni nililia, maana alirudi kulala bila kutia kitu tumboni.

Kumbe Mama alikuwa amesimama mlangoni. Akaingia, akachukua mkate mmoja, akaupasua kwa nguvu, akaunusa.

"Umetia nini mule?"

"Levire."

"Levire gani?"

"Mama, levire. Levire ni levire."

"Hapana! Iko levire ya keki, na iko levire ya mukate. Weye ulipewa gani?"

Nikaenda kuleta pakiti. Mama akaiangalia, akatikisa kichwa.

"Hii ni ya keki. Hii ukitia maji tu inaanza kazi palepale, inataka uingize mu moto haraka. Weye umeilaza tangu adhuhuri mpaka alasiri, nguvu yake yote ikaisha. Yenye kungojaka ni ile ya mukate. Bibi yangu, yeye alikuwa anaiita hamira."

Hapo ndipo nilipoelewa, wakuu. Mtanzania wetu alikuwa ameandika neno sahihi kabisa. Mimi ndiye niliyelitafsiri nikalipoteza njiani. Ninyi mna bahati, kwenu hamira ni hamira na baking powder ni baking powder. Sisi tumeazima neno moja kwa vitu viwili, kimoja kina subira na kingine hakina, halafu tunashangaa mikate inakuwa mawe.

Mama akaendelea kukaa na ule mkate mkononi.

"Na yeye amekula?"

"Hapana."

"Ni juu yake njo unafanya hii yote?"

Nikamweleza alichosema mkunga. Sikuwa nimemwambia, nilidhani nampunguzia mzigo. Nikamweleza na lile neno la Godeliva njiani, kwamba hataki kulala mule tena. Mama akanifuta unga kwenye paji la uso na ncha ya kanga yake, kama ninavyofutwa tangu nizaliwe, akaenda zake.

Asubuhi yake nilishangaa nyumba haina harufu. Nikatoka. Mama alikuwa amehamisha jiko, karai, viti, kila kitu, amekaa barabarani mbele kabisa, jua linampiga.

"Hapa wateja wananiona muzuri," akasema kabla sijauliza.



Raundi ya pili nilikuwa na levire ya mkate. Hiyo unga wake ulipanda mpaka ukainua kifuniko, nikawaita watu waje waone. Mnisamehe, lakini nilijisikia mwamba.

Tena kwenye kufunga ndipo nilipojua Mungu hakunipa ufundi bure. Ile mikate hufungwa kwa kukunjakunja ukingo kuzunguka. Wengine humu mmelalamika kwamba inafunguka. Wakuu, yale ni marinda! Marinda ya sketi ya mwanafunzi, nayashona kila mwanzo wa masomo. Unakunja, unabana, unakunja, unabana, unamalizia katikati. Hakuna hata mmoja uliofunguka.

Mvuke ukigonga kifuniko unageuka maji na kudondokea mikate, inalowana. Dawa yake ni kufunga kifuniko kwa kitambaa cha pamba. Nikasema hapo sasa mmefika kwangu. Nikakata pamba nyeupe mpya kabisa kutoka kwenye jora, nikaipiga pindo pande zote, nikafunga kifuniko kama namvisha bwana harusi.

Mikate ikatoka imevimba, myeupe, ya kupigwa picha.

Godeliva akashika mmoja. Akauma pembeni kidogo, akatafuna. Halafu akauleta karibu na pua, uso ukabadilika, akauweka chini, akatoka mbio.

Aliporudi anajifuta mdomo akaniambia:

"Iko inanuka jora."

Nikanusa. Kweli tupu. Pamba mpya ina dawa ya kiwandani, mvuke ulikuwa umeitoa yote ukaipeleka kwenye mikate. Fundi nguo mzima! Mimi ambaye kila siku nawaambia wateja kwamba kitambaa kipya kifue kwanza!

Siku ile nilikata tamaa, sitaficha. Siku ya kurudi kliniki ilikuwa inakaribia. Nilikaa kibandani nikashona zipu ya suruali ya mtu nyuma badala ya mbele, nikaifumua, nikaishona tena vilevile nyuma.

Godeliva ndiye aliyenifuata. Akakaa kwenye benchi la wateja.

"Shabani, minye nilisikia njaa."

"Lini?"

"Wakati niliiona. Mbele ya kusikia ile harufu. Nilisikia njaa."

Wakuu, neno lile lilinishika. Yeye akaendelea kama fundi mwenzangu: kale kapande alikotafuna kalikuwa bado kazito, kanavutika menoni. Akasema nipunguze farini, yaani unga wa ngano, kidogo, nichanganye na unga wa mchele. Mchele tulikuwa nao, wa kwao Bwegera, huwa hauishi nyumbani. Nikaupeleka kwenye mashine ya kusaga jirani, ukarudi laini kama poda ya mtoto.

Kumbe ni kweli. Kwa kila vikombe vitatu vya farini, kikombe kisichojaa cha unga wa mchele, na mkate unakuwa mwepesi, haupigani na meno. Usizidishe tu, utapasuka.

Kuku safari hii Mama alisema atamchagua yeye. Alirudi na kuku wa kienyeji aliyekwisha kuchinjwa kwa bismillahi, akaniwekea juu ya meza ya kukatia nguo, akaondoka bila hotuba.

Yule kuku nilimpikia kibandani, ili harufu isifike nyumbani. Hapo ndipo nilipojulikana mtaa mzima. Wateja wanakuja kuchukua nguo wanamkuta fundi anapuliza makaa.

"Fundi, siku hizi unashonaka na kuku?"

"Ndiyo, leta kipimo cha shingo."

Kuku nilimchemsha na tangawizi nyingi na chumvi, bila mafuta, ngozi nikaitoa. Nikamchambua nyama vipande vidogo. Ule mchuzi nikauacha uchemke mpaka upungue, nikaushika na kijiko cha unga ukawa mzito, ndipo nikarudishia nyama pamoja na karoti na majani ya vitunguu yaliyokatwakatwa. Mchanganyiko ukiwa na maji unalowanisha mkate kwa ndani, kwa hiyo uwe mzito, na uupoze kabla ya kujaza.

Sasa ikabaki firigisi.

Mnajua firigisi ni ya nani. Kwetu ni ya mwenye nyumba, kwao Godeliva ni ya mwenye nyumba, na nadhani kwenu pia. Niliikatakata nikaichanganya humo. Sikufikiri sana. Nilitaka kila kizuri cha yule kuku kiingie ndani ya ile mikate.

Kitambaa cha kifuniko alinipa Mama. Alifungua sanduku lake akatoa leso ya pamba ya zamani, imefuliwa mpaka maua yake yamepotea. Akainusa kwanza yeye mwenyewe, akanipa.

Nilikata jani la mgomba vipande, kila mkate ukakaa juu ya kipande chake ili usishike chini. Moto wa makaa wa wastani. Na ilipoiva sikufunua hapohapo. Niliepua sufuria nikaacha itulie kidogo, maana ukifunua ghafla mikate inasinyaa mbele ya macho yako.

Tulikaa watatu. Godeliva kwenye mkeka, mimi karibu na mlango, Mama kwenye kigoda akijifanya anachambua dengu.

Godeliva akaunusa. Akaunusa tena. Akauma.

Akatafuna taratibu. Akameza. Akauma tena, safari hii mdomo ulijaa. Kisha akaacha kutafuna, akaniangalia.

"Shabani. Iko firigisi humu."

"Najua."

"Kwetu hii ni ya baba."

"Na kwetu pia," Mama akasema bila kuinua macho kwenye dengu. "Kula, mwanangu."

Akala. Akamaliza, akanyoosha mkono akachukua mwingine. Nilikuwa nimekaa nimejiandaa kumsikia akitoka mbio. Hakutoka. Alijilaza palepale kwenye mkeka, akalala usingizi wa mchana mkono mmoja ukiwa bado na kipande cha mkate.

Mama akainuka, akachukua mmoja akaonja. Nilisubiri hukumu.

"Haina mafuta," akasema. Akaongeza kuuma. "Lakini muntu anaweza kuizoea."

Kwa mama yangu hiyo ni medali, wakuu.

Kuanzia siku ile nikawa napika kila baada ya siku moja. Hakuwa anakula vingi, lakini kilichoingia kilibaki. Baadaye akaanza kupokea na uji, na lengalenga, yaani mchicha, za kuchemsha. Tuliporudi kliniki nilikaa nje ya mlango naomba dua zote ninazozijua, na moja ya kwao niliyomsikia akiisali jioni.

Mkunga akasoma mizani.

"Iko inapanda," akasema. "Mama, umekula nini?"

"Mukate ya fundi nguo," Godeliva akajibu.

Hawakumlaza. Tulirudi nyumbani kwa miguu, kandokando ya ziwa, tukipita njia ndefu kwa makusudi.

Sasa hivi tumbo linaonekana. Mtoto anapiga teke, hasa nikiwa nashona, nadhani hapendi kelele za cherehani. Sambusa bado Godeliva hazigusi, ila jana nilimkuta kwa Mama pale barabarani, amekaa upande ambao upepo hauleti moshi, anamkunjia Mama sambusa zake mbichi. Nilipita kimya.

Nilichojifunza, kwa wanaotaka kujaribu nyumbani: kabla ya kununua, hakikisha neno la kwenye maelekezo linamaanisha nini mtaani kwako. Uliza levire gani. Fua kitambaa. Changanya unga wa mchele. Usifunue haraka.

Na kwa wanaume wenzangu: usikae unahesabu vyakula alivyokataa. Muulize kile ambacho angekula, hata kama hujawahi kukiona, halafu kafanye ujinga wote unaohitajika. Na mwambie mama yako ukweli mapema. Mimi nilidhani namlinda wangu, kumbe nilikuwa namwacha aumie peke yake upande wa pili wa karai.

Nyinyi huko mliko, hamira mnaiitaje? Na waliopitia haya, wake au waume, tafadhali andikeni hapa chini: alipokataa kila kitu, alikula nini? Hata kama ni kitu kimoja tu cha ajabu, kiandike. Kuna mtu anasoma hapa sasa hivi, mke wake hajala tangu jana, na hajui pa kuanzia.